Somo: Kufunga tairi la nyuma la pikipiki, kila beringi na boshi mahali pake

Beringi za nyuma zikifa mara mbili ndani ya miezi miwili, kabla hujamlaumu muuza spea, angalia boshi ndefu iliyo ndani ya habu (kitovu cha tairi). Ni kipande cha bomba la chuma kinachokaa katikati ya beringi mbili. Ukikaza nati ya ekseli, mbano unapita kwenye boshi fupi ya nje, ringi ya ndani ya beringi, boshi ndefu, beringi ya pili, hadi upande wa pili wa swingamu (uma wa chuma unaoshika tairi la nyuma). Boshi ndefu ikikosekana au ikipungua urefu, ringi za ndani zinasukumwa zielekeane, gololi zinabanwa ubavuni, beringi inachemka na kusagika. Kwa pikipiki inayobeba magunia ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, haichukui muda.

Beringi inunuliwe kwa namba, si kwa macho. 6202 ni milimita 15 ndani, 35 nje, unene 11. 6301 ni 12, 37 na 12. 6302 ni 15, 42 na 13. Chagua iliyoandikwa 2RS, yenye sili za mpira pande zote mbili. ZZ ina vifuniko vya bati, na mchanga wa ufukweni pamoja na maji hupenya.

1. Safisha habu, kausha. Beringi mpya ikiingia kwa kusukuma na kidole tu, nyumba yake (tundu inamokaa) imepanuka. Usijaze bati la kopo. Peleka kwa fundi wa kuchonga vyuma.

2. Piga beringi ya kwanza hadi ikalie bega la habu (ngazi ya ndani inayoizuia), kwa soketi inayogusa ringi ya nje peke yake. Ukipiga ya ndani, gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake na itanguruma tangu siku ya kwanza. Mlio wa nyundo ukigeuka mkavu, imefika.

3. Geuza tairi, weka boshi ndefu. Ukiisahau hapa, itabidi beringi itolewe tena.

4. Piga beringi ya pili taratibu. Ikigusa boshi, acha. Boshi isogee ukiisukuma kwa kidole, lakini isicheze yenyewe. Ukizidisha, umeshaibana beringi kabla hata ya kukaza nati.

5. Paka grisi mdomo wa oili sili, ifunge. Kagua raba za habu, zinazopunguza mshtuko wa cheni. Kama kibebea sproketi (gia ya nyuma ya cheni) kina beringi yake, nacho kina boshi yake, isiachwe mezani.

6. Pandisha tairi. Boshi fupi za kushoto na kulia mara nyingi hazilingani urefu. Ukizibadilisha, sproketi inakaa kando ya mstari na cheni inaila. Mkono unaoshikilia bati la breki ufungwe na pini yake. Ukilegea, bati litazunguka na tairi utakapokanyaga breki, na tairi litajifunga ghafla.

7. Linganisha alama za kurekebishia cheni kwenye swingamu pande zote mbili, kisha kanyaga breki huku ukikaza nati ili shuu za breki zikae katikati.

Zungusha tairi kabla na baada ya kukaza. Likiwa jepesi kabla, zito baada, na breki haigusi, fungua tena: boshi ndefu ni fupi au haipo.

Maswali (kwa jina la mahali anakotoka muulizaji)

*Igoma:* Shikamoo fundi. Boshi imepotea, nikate bomba la maji?

Marahaba. Msumeno hautoi ncha zilizonyooka. Mpe fundi wa kuchonga umbali kati ya mabega mawili ya habu. Boshi isipungue hapo hata kidogo. Ikizidi 0.1 mm haina shida.

*Igombe:* Naosha pikipiki ziwani, beringi zinapata kutu haraka. Sili ni mpya.

Habu ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hata ikiwa nzima. Subiri ipoe, na osha kwa ndoo bila kuingiza tairi hadi ekseli.

*Nansio:* Mkuu, nimekaza nati mpaka mwisho, tairi bado linacheza.

Usiongeze kukaza. Shika tairi nyuma, vuta kushoto na kulia, mwenzako aangalie swingamu. Ikitikisika nayo, boshi za swingamu zimekwisha. Ikitulia na tairi likacheza peke yake, vua upime ekseli ilipolika na nyumba za beringi.