Nenepesha mpini wa mswaki wa mzee

Kama una mzazi ambaye fizi zinamtoka damu na vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, mnenepeshee mpini wa mswaki. Mama yangu hapa Kayole alikuwa anasugua meno ya mbele tu, magego hayafikii, nami nikadhani ni uvivu. Kumbe mpini mwembamba ulikuwa unamponyoka. Nilichukua mswaki laini, nikauzungushia kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli (fundi wa kando ya barabara alinipa bure), nikakaza kwa mipira miwili ya kufungia noti hadi ukajaa kiganjani kama mpini wa mwiko wa ugali. Kitu kinene hakihitaji kubanwa kwa nguvu, kwa hiyo mkono hauchoki upesi, na mzee anaweza kuuinamisha mswaki uguse pale jino linapokutana na fizi. Hapo ndipo ukoga hujificha na kuvimbisha fizi. Damu kidogo siku za mwanzo isimtishe akaacha, aendelee polepole. Vua tyubu kila wiki uioshe, chini yake huota ukungu.

Mkono ukitetemeka sana haisaidii, hapo msugulie wewe ukisimama nyuma yake. Wala haitoi ukoga ulioganda kama jiwe, huo ni kazi ya daktari wa meno. Meno yakilegea, usaha ukitoka, au damu ikizidi wiki mbili, mpeleke, hasa akiwa na kisukari: sukari ikipanda, fizi huharibika haraka.