Kabla ya kusahihisha mvua ya modeli, kagua mvuke wake

Modeli nyingi za tabianchi za CMIP5 na CMIP6 (awamu za mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli hizo) zina kasoro ambayo kila anayeshughulika na mvua ya Afrika Mashariki anaijua: vuli (Oktoba hadi Desemba) huzidi, masika (Machi hadi Mei) hupungua. Wengi huzidisha mvua kwa kigawo mpaka wastani ukubaliane na vipimo, wakaendelea na kazi. Siafiki. Mara nyingi kosa limeanzia kwenye mvuke, na kigawo hakigusi huko.

Hatua ya 1: Data. Kutoka kwenye modeli chukua wastani wa mwezi wa pr (mvua), prw (jumla ya mvuke angani), hus (kiasi cha mvuke ndani ya hewa), ta (joto la hewa), ua na va (upepo wa magharibi-mashariki na wa kusini-kaskazini) na ps (mgandamizo wa hewa ardhini). Za kulinganishia ni ERA5 (rekodi ya hali ya hewa iliyojengwa upya kwa vipimo na modeli) kwa mvuke na CHIRPS (makadirio ya mvua ya setilaiti na vituo) kwa mvua. Miaka 1985 hadi 2014 inafaa, maana majaribio ya kihistoria ya CMIP6 yanaishia 2014. Zidisha pr kwa 86400 upate milimita kwa siku. CHIRPS ipeleke kwenye gridi ya modeli (visanduku inavyogawia ramani) hivi, kwa programu ya CDO:

`cdo remapcon,gridi.txt chirps.nc chirps_gridi.nc`

Usitumie remapbil (amri ya CDO inayokadiria thamani kati ya pointi) kwa mvua. Haihifadhi jumla ya maji.

Hatua ya 2: Futa ngazi (tabaka za hewa zinazotajwa kwa mgandamizo wake wa hektopaskali) zilizo chini ya ardhi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni karibu hektopaskali 830. Kwa hiyo ngazi ya 850 iko ndani ya udongo! ERA5 hata hivyo itakupa namba, imekadiriwa tu kwa hesabu, huku modeli nyingi zikiacha pengo. Ukichukua wastani wa eneo zima la nyanda za juu bila kuangalia, unalinganisha vitu viwili tofauti. Tumia ps: popote mgandamizo wa ardhini ulipo mdogo kuliko ule wa ngazi husika, iwe kwenye modeli au kwenye ERA5, futa kisanduku hicho kwenye data zote mbili.

Hatua ya 3: Usiridhike na prw. Jumla ya mvuke inaweza kuwa sahihi kwa bahati: tabaka la chini limezidi, la kati limepungua, makosa yakafutana. Mvua haidanganyiki hivyo. Wingu linalopanda huvuta hewa ya pembeni. Hewa hiyo ikiwa kavu kwenye ngazi za 700 na 600, matone huvukizwa na wingu hunyauka kabla halijakomaa. Chora tofauti ya hus ngazi kwa ngazi, masika peke yake na vuli peke yake.

Ukiwa na data za kila siku, hesabu pia siku zenye zaidi ya milimita 1. Modeli inayonyesha manyunyu karibu kila siku inaupunguza mvuke kabla haujarundikana wa kutosha kuleta mvua kubwa.

Hatua ya 4: Tenganisha joto na asilimia ya unyevu. Chukua hewa ya nyuzi 20 kwenye ngazi ya 850, yenye unyevu wa asilimia 75: ina takriban gramu 13.0 za mvuke kwa kilo. Ipoze iwe nyuzi 19, asilimia ikibaki ileile, unapata 12.2. Huo upungufu wote ni wa joto, hewa haikukauka. Rudia hesabu hiyo kwa kila ngazi ukitumia ta ya ERA5 na asilimia ya modeli. Tofauti inayobaki dhidi ya hus ya ERA5 ndiyo kosa la unyevu wenyewe.

Hatua ya 5: Mvuke unapita wapi? Zidisha hus kwa ua na va. Tazama hasa mkondo wa upepo wa Turkana, unaopita kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Gridi pana huisawazisha milima hiyo, na mkondo unaobeba mvuke kuelekea bara hukosa nguvu au njia. Kwa wastani wa mwezi utaona picha ya jumla tu. Dhoruba za siku moja moja zinahitaji data za saa sita sita.

Hatua ya 6: Linganisha na jaribio la amip la modeli ileile, ambalo hupewa joto halisi la bahari. Ziada ya vuli ikipungua sana, kosa limetoka kwenye joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi, na mvuke umefuata tu. Ikibaki palepale, rudi kwenye hatua ya 3 na ya 5: kagua namna modeli inavyojenga mawingu, kisha urefu wa milima yake.