Kamera iliyoandikwa "3opkuu-4": namna ya kuitambua na kuziba pazia lake

Wakuu, hii kamera nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo naandika somo lake mara moja. Unaikuta kwenye sanduku la babu kule Magomeni, au pale Karume imelala kwenye turubai katikati ya pasi na redio mbovu. Ya chuma, nzito kuliko unavyoitarajia, na mbele imeandikwa kitu kinachosomeka "3opkuu-4". Muuzaji atakuapia kuwa ni ya Mjerumani. Hapana. Hizo ni herufi za Kirusi na jina ni Zorki, yaani mwenye macho makali. Ilitengenezwa na kiwanda cha KMZ pale Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1956 hadi 1973.

Kabla ya kitu chochote, hakikisha haina filamu ndani. Koki kamera, yaani itege tayari kupiga, kwa kuzungusha polepole ile nobu ya kulia huku ukiitazama nobu ya kushoto. Ya kushoto ikizunguka nayo, filamu imo. Ikigoma kukoki, usilazimishe, huenda filamu imefika mwisho. Nasisitiza kwa sababu yangu ya kwanza, iliyotoka kwenye kabati la marehemu baba mkubwa, niliifungua barazani saa saba mchana. Filamu ilikuwemo, imeshapigwa zaidi ya nusu. Niliufunga mfuniko haraka lakini jua la Dar halikusubiri. Shangazi aliniuliza ndani mlikuwa na picha za nani, nikakosa la kumjibu. Kwa hiyo kama filamu imo, irudishe yote kwenye kopo lake kwanza, ndipo ufungue.

Pili, soma namba ya mwili. Kwa kamera za KMZ tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka: 68 ni 1968. Tazama pia namba ya lenzi. Mara nyingi ni Jupiter-8, milimita 50, inafunguka hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Miaka ikipishana sana, lenzi ilibadilishwa njiani. Si kosa, ila muuzaji akikwambia kila kitu ni cha asili, unajua la kumjibu.

Tatu, na hapa ndipo kamera nyingi zinapofia mikononi mwa watu: spidi, yaani muda ambao mwanga unaingia, hubadilishwa BAADA ya kukoki, kamwe si kabla. Koki, inua duara la spidi, zungusha, achia. Ukizungusha kabla ya kukoki unaweza kuvunja kitu ndani, na vipuri vyake huvipati Kariakoo wala Gerezani. Ukimpelekea fundi yeyote, mwambie hilo kabla hajaigusa.

Nne, pazia. Ndani kuna mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayozuia mwanga usifike kwenye filamu mpaka upige, na miaka hamsini ya joto na unyevu wa pwani huutoboa ule mpira. Fungua zile komeo mbili za chini, mgongo wote unatoka. Fungua lenzi kwa kuizungusha kinyume cha saa. Ingia chumbani usiku, zima taa, mulika tochi upande wa lenzi na wewe tazama kwa nyuma. Ukiona nuru ndogondogo kama nyota, hivyo ni vitundu, na kila kimoja kitaacha doa kwenye picha. Kisha koki na utazame tena, kwa sababu sasa linaloziba ni lile pazia jingine.

Kuziba kunahitaji subira tu. Tafuta rangi nyeusi ya vitambaa, ile inayobaki laini ikikauka. Wachora fulana wanayo. Chovya ncha ya kijiti cha meno na gusa kitundu kwa upande wa lenzi. Tone dogo kuliko punje ya mtama. Ukipaka nene, pazia litakwama likijiviringisha. Liache saa 24 bila kukoki wala kupiga, na kipindi cha masika liache siku mbili. Ndipo ulihamie lile pazia jingine. Mimi langu lilikuwa na vitundu kumi na moja na nilitumia wiki nzima. Kama kitambaa chenyewe kimepasuka au kimekauka kama karatasi, rangi haitasaidia, pazia linahitaji kubadilishwa.

Mwisho, kipima umbali, kile kinachokuonyesha kama umelenga sawasawa ili picha itoke kali. Nenda Coco Beach, lenga meli iliyotia nanga mbali kabisa, weka lenzi kwenye alama ya ∞. Zile taswira mbili unazoziona ukichungulia kwenye dirisha la kamera zinapaswa kuwa moja. Zikiwa moja, usiguse skrubu yoyote.

MASWALI

Mkuu, shukrani kwa somo. Betri yake ni ya aina gani? Sioni pa kuweka.

Haina betri, ndugu yangu. Haina hata kipima mwanga. Kwa jua la saa sita na filamu ya ISO 100, weka f/16 na spidi 125. Ukiwa kivulini, fungua hadi f/5.6 au f/4.

Kaka, pazia langu linasuasua kwenye spidi ndogo. Naweza kuweka mafuta ya cherehani?

Kwanza koki na upige mara hamsini hivi ikiwa tupu, mara nyingi inachangamka yenyewe. Ikikataa, chembe moja kwenye ncha ya sindano, pale mhimili wa rola inayoviringisha pazia unapoingia kwenye chuma. Kitambaani hapana, na ya kupuliza usithubutu.

Shikamoo fundi. Lenzi ya baba ina utando kama wa buibui ndani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hiyo ni kuvu, unyevu wa hapa Dar unaipenda lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi. Usiirudishe kwenye huo mfuko. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vipya, ili isiendelee kuenea. Kuifungua usijaribu peke yako. Na kabla hujaamua lolote, piga filamu moja nayo. Utando mwembamba hupunguza tu ukali kidogo, na pengine picha itatoka vizuri kuliko unavyoogopa.