SOMO: Mgambo akikusimamisha kwa sheria ndogo za mji, uliza karatasi kwanza

Wakuu, salaam. Sokoni kwetu hawakosekani watu waliopoteza meza, mzani au beseni la nyanya, na ukimuuliza mtu kosa lake lilikuwa nini, hajui. Anajua tu kwamba "walikuja wa halmashauri". Mimi ni msaidizi wa kisheria kwenye mji mdogo, siyo wakili, na kazi yangu kubwa ni kukaa na watu wa aina hiyo tukisoma walichoandikiwa. Mara nyingi hawakuandikiwa chochote, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Niseme mapema kwamba sizipingi sheria ndogo. Bila hizo machinjio yangemwaga damu mtoni na mbuzi wangelala barabarani. Ninachotaka ni kila mtu ajue zinavyofanya kazi.

Hatua ya 1: Jua uko chini ya mamlaka gani

Mamlaka ya mji mdogo, kama Himo au Mirerani, iko chini ya halmashauri ya wilaya, na sheria yake ni Sura ya 287, ile ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka 1982. Ngazi ya chini ni kitongoji. Halmashauri ya mji, kama Makambako au Kasulu, ina Sura ya 288 ya Mamlaka za Miji, na chini kuna mitaa. Ushuru na ada ziko Sura ya 290, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Hizo ndizo sheria mama. Sheria ndogo ni mtoto wao, na mtoto hapiti pale mama alipochora mstari: haiwezi kutoza kilichokatazwa wala kuadhibu zaidi ya kiwango cha juu kilichoruhusiwa.

Halmashauri ikitaka sheria ndogo, baraza la madiwani linapitisha, Waziri wa TAMISEMI anaridhia, kisha inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba. Namba hiyo, "Tangazo la Serikali Na. fulani la mwaka fulani" (wengine huiita GN), ndiyo kitambulisho chake. Ya kijiji ni tofauti kidogo: inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inapita mkutano mkuu wa kijiji, halafu inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hapo tafuta muhtasari wa mkutano na uthibitisho wa wilaya.

Tamko la kiongozi kwenye mkutano wa hadhara, hata likipigiwa makofi, siyo sheria ndogo. Linaweza kuwa agizo la kutekeleza sheria iliyopo, basi uliza ni ipi.

Hatua ya 2: Pata nakala kabla hujakamatwa

Nenda ofisi ya mtendaji wa kata, au kwa mwanasheria wa halmashauri, au mwombe diwani. Ukizungushwa, andika barua kwa Mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Uliza pia kama kuna marekebisho, maana viwango hubadilishwa kwa tangazo jipya huku ile ya zamani ikibaki imebandikwa ukutani.

Hatua ya 3: Isome kuanzia nyuma

Watu wengi huanza na "Jina na tarehe ya kuanza kutumika", wakichoka wanaacha. Anza na Jedwali. Huko ndiko kuna viwango: ada ya taka kwa duka, kwa mgahawa, kwa nyumba, ushuru wa meza sokoni, gharama ya kutunza mnyama aliyekamatwa. Ukidaiwa kiasi ambacho hakiko kwenye Jedwali, umeshapata swali lako la kwanza.

Kisha rudi kwenye kifungu cha tafsiri. Kama sheria inasema "mfanyabiashara" ni mwenye jengo la kudumu na wewe unauza mihogo kwenye kapu, angalia kama kweli inakugusa. Kisha angalia eneo la matumizi. Baadhi zinahusu eneo la mji mdogo tu, nazo hutumika kimakosa mpaka vijijini.

Halafu makosa na adhabu. Hapa kuna neno moja linalowagharimu watu fedha nyingi: "isiyozidi". Sheria ikisema "faini isiyozidi" kiasi fulani, hicho ni kilele, siyo bei. Hakimu anaweza kukutoza robo yake, na kwa kosa la mara ya kwanza ana sababu ya kufanya hivyo. Lakini ukisimamishwa barabarani unatajiwa kilele kana kwamba ni nauli ya basi, na mtu anashukuru akipunguziwa nusu bila risiti.

Mwisho tafuta kifungu cha kufifilisha kosa. Karibu kila sheria ndogo ya halmashauri inacho. Kinasema kwamba Mkurugenzi anaweza kumaliza kosa bila mahakama, iwapo mkosaji mwenyewe atakiri kwa maandishi na kukubali kulipa, kwa kujaza fomu iliyoko kwenye Jedwali. Nisomeeni tena: *kwa maandishi*, na *fomu*. Hakuna kufifilisha kwa mdomo, wala nyuma ya gari la halmashauri.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Tulia. Usikimbie na usimvute mgambo shati, kwa sababu kosa la ada ya taka litageuka kuwa shambulio, na hapo sheria ndogo haipo tena, uko kwenye Kanuni ya Adhabu. Uliza mambo matatu kwa heshima: kitambulisho cha anayekukamata, kosa ni lipi, na liko kwenye sheria ipi. Usiposikia jibu usibishane. Andika saa, mahali na waliokuwepo.

Wakichukua mali, omba orodha iliyosainiwa. Wakikataa kuandika, iandike mwenyewe hapo hapo mbele ya jirani yako wa biashara, naye asaini. Mali inayooza itaje wazi: "samaki wabichi, ndoo mbili". Hiyo inasaidia baadaye ukidai thamani.

Ukifikishwa polisi, ujue sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Yale ya saa 48 ya Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa yako Sura ya 97, Sheria ya Tawala za Mikoa, nayo ni kwa anayehatarisha amani au usalama. Ada ya taka haihusiani nayo.

Hatua ya 5: Ukiri au uende mahakamani?

Hapa pima kwa akili, siyo kwa hasira. Kama kweli ulimwaga maji machafu barabarani na picha ipo, jaza fomu, lipa, urudi kazini. Utapoteza asubuhi moja. Ukienda Mahakama ya Mwanzo utapoteza siku kadhaa, na ukitiwa hatiani una rekodi.

Kama hukufanya, usisaini. Fomu ya kufifilisha ni ungamo. Nimeona watu wanasaini "ili yaishe", wakikamatwa tena wanahesabiwa kuwa wakosaji wa kurudia. Asiyekiri hufunguliwa shauri, na mwenye kuthibitisha ni upande wa mashtaka. Atatakiwa aonyeshe sheria, eneo, na kwamba ni wewe.

Malipo yoyote yawe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu nyingi unayolipia kwa simu au kwa wakala wa benki, au kwenye mashine ya POS inayotoa risiti papo hapo. Kumbuka kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayekuja mlangoni kuidai taslimu mtilie shaka. Rushwa piga 113, TAKUKURU, ni bure.

Hatua ya 6: Kama sheria yenyewe ni mbovu

Hii ni kazi ya diwani na mikutano. Peleka hoja kwenye mkutano wa kitongoji au mtaa, iingie kwenye muhtasari, ipande kamati ya maendeleo ya kata. Inachosha, lakini nimeona viwango vya ushuru wa meza vikipunguzwa kwa njia hii. Mahakama Kuu pia inaweza kufuta sheria ndogo inayokiuka sheria mama, ila hapo mtafute wakili.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Swaumu (mama lishe): Mwalimu, wamechukua benchi langu na sufuria mbili, wanasema nilipe elfu ishirini kwa kiongozi wa zamu nichukue leo leo. Nina kitambulisho cha mjasiriamali.

Jibu: Pole mama. Kitambulisho kile hakikupi ruhusa ya kukaa popote, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata na shahidi mmoja, omba fomu ya kufifilisha na namba ya malipo. Wakikuambia fomu haipo, basi na hiyo elfu ishirini haipo. Kama ulikuwa juu ya mtaro, hilo ni kosa kweli. Omba uonyeshwe sehemu iliyotengwa.

Dereva wa Kirikuu: Natoa mahindi ya mzee wangu shambani, magunia sita, nayaleta mjini kwenye wilaya nyingine. Kwenye geti wananidai ushuru wa mazao.

Jibu: Magunia sita ya kilo mia ni kilo 600. Tangu mwaka 2017 Sura ya 290 inasema mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Vilevile ushuru huo analipa mnunuzi: asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, viwango vya mwaka huo huo. Wewe hujanunua, unabeba ya baba yako. Waambie hivyo kwa utaratibu. Usiendeshe kwa kuruka kizuizi.

Mzee wa Mbuzi: Wamekamata mbuzi wangu wanne, wako boma la halmashauri siku ya tatu. Nipinge?

Jibu: Mzee wangu, lipa kwanza, pinga baadaye. Gharama ya matunzo inahesabiwa kwa siku na kwa kila mnyama, na ukichelewa sana wanaweza kupigwa mnada. Angalia kiwango cha Jedwali, chukua risiti iandikwe "mbuzi wanne, siku tatu", wape mbuzi maji, warudishe nyumbani. Kama walikamatwa ndani ya zizi lako, risiti hiyo hiyo ndiyo ushahidi wa madai yako.

Kijana wa Stendi: Kibanda changu kimepigwa X nyekundu. Nimwone Mkurugenzi?

Jibu: X hizo mara nyingi ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, siyo za halmashauri. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyekundu maana yake hakuna fidia, kijani ina fidia. Pima kwa futi kamba. Kama uko nje ya mita 30, andika barua TANROADS mkoani haraka. Na kama uliwahi kulipa ushuru wa halmashauri kwa kibanda hicho, risiti hizo hazikuhamishii ardhi, samahani.

Fundi Cherehani: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi. Nilifungua saa tatu nikatozwa faini. Ni halali?

Jibu: Jumamosi ya usafi ni utaratibu wa kitaifa, lakini faini inahitaji kifungu kwenye sheria ndogo yenu. Halmashauri nyingine wanacho, tena kimetaja saa. Omba kifungu. Kama kipo, fundi, umekosa.

Mtendaji (jina kapuni): Ndugu mwandishi, unatufanya tuonekane wezi. Sisi tunapewa lengo la makusanyo, gari halina mafuta, na mgambo wangu hajalipwa posho. Watu hawalipi mpaka wakamatwe.

Jibu: Kaka, sikupingi, na asante kwa kusema. Lengo la makusanyo ni tatizo kubwa kuliko mgambo, na ningependa madiwani walijadili hilo waziwazi. Lakini fomu haitumii mafuta. Mpe mgambo wako kitabu cha fomu na orodha ya viwango aibandike kwenye ubao wa ofisi, utaona ugomvi unavyopungua, na fedha yako haitaishia mifukoni.

Dada wa Genge: Kijijini kwetu kuna faini ya kutokwenda kwenye mkutano. Mwenyekiti anasema wanakijiji walikubali wote, basi.

Jibu: Kukubali kwenye mkutano ni nusu ya safari. Omba kuona kibali cha halmashauri ya wilaya. Kisipokuwepo, hiyo ni michango ya hiari, na ya hiari hailazimishwi.

Mama Swaumu: Nimerudi. Nimemwandikia Mkurugenzi barua kuomba vitu vyangu, ofisini wamesema hawaipokei, masjala imefungwa.

Jibu: Usirudi nayo nyumbani. Ipeleke Posta, itume kwa rejista kwa Mkurugenzi, utunze stakabadhi. Tarehe ya stakabadhi ndiyo utakayoonyesha kwamba uliandika. Kisha mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yako, huduma ni bure, aende nawe kesho saa mbili, masjala ikifunguliwa. Sufuria zimeandikwa jina? Kama hapana, mwambie shahidi akumbuke zina alama gani.