Jinsi ya kutafiti maisha ya vijana baada ya korona: anza na kalenda

Watafiti wengi wanaokuja Mombasa kujua vijana wameishije tangu korona huuliza moja kwa moja: "Korona ilikuathiri vipi?" Kijana akisikia hivyo anajua unatafuta nini, naye anakupa: kazi iliisha, kafyu, stresi. Unaondoka na daftari limejaa, lakini hujui maisha yake yalikwendaje. Njia ninayoitumia pwani ni kujaza kwanza maisha ya mtu kwenye kalenda. Korona kama imo, itajitokeza yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwaka wa kuzaliwa

Katiba ya Kenya humhesabu kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla hajafika 35. Kwa utafiti huu hapo ni papana mno. Aliyekuwa na miaka 34 mwaka 2024 alikuwa na 30 korona inaingia, pengine ana kodi ya nyumba na watoto wawili. Mwenye 18 alikuwa na 14 tu. Mimi huchukua waliozaliwa kati ya 1998 na 2005. Hao ndio waliokutwa njia panda: kuna waliokuwa kidato cha nne mwaka ambao KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ilisogezwa hadi Machi na Aprili 2021, na kuna waliokuwa ndio kwanza wamepata kazi kwenye hoteli za Diani na Nyali wageni walipokatika.

Hatua ya 2: Vibali

Kamati ya maadili ya utafiti kwanza, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti Kenya (kwa Tanzania ni COSTECH), halafu ofisi za kaunti, chifu na mzee wa mtaa. Usimruke mzee wa mtaa ati kwa kuwa una karatasi kutoka Nairobi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo majina yakae faili moja na majibu faili nyingine.

Hatua ya 3: Pima hali ya sasa kabla ya kugusa yaliyopita

Tumia WHO-5, kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani cha jinsi mtu anavyojisikia. Ni sentensi tano kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekuwa mchangamfu, ametulia, ameamka akiwa na nguvu. Kila sentensi ina alama 0 hadi 5. Jumla unaizidisha kwa 4, upate kitu kati ya 0 na 100. Aliyepata 50 kushuka chini anahitaji kuangaliwa zaidi. Ifanye mwanzoni kabisa, maana mtu aliyetoka kusimulia msiba wa 2021 hatajibu kuhusu wiki mbili hizi. Atajibu kuhusu msiba.

PHQ-9 ni kipimo kizuri cha sonona, lakini swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliulize kama hujakubaliana mapema na mhudumu wa afya ya akili atakayempokea mtu siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba, ila hofu ya polisi haiondoki kwa hukumu moja.

Hatua ya 4: Kalenda yenyewe

Chukua karatasi ya manila. Juu andika miaka, 2019 hadi leo, kila mwaka uugawe nusu mbili. Pembeni weka mistari mitano: shule, kazi, analala wapi, familia na mapenzi, afya. Kuanza na 2019 ni lazima. Msichana aliyeacha shule mwishoni mwa mwaka huo kwa kukosa karo, ukianza na 2020 utamkuta yuko nyumbani, nawe utaandika kuwa korona ndiyo iliyomtoa.

Tarehe husahaulika, matukio hayasahauliki. Kwa hiyo piga vigingi: kafyu ya kwanza, Ijumaa 27 Machi 2020, polisi walipowapiga watu kwenye feri ya Likoni, Ramadhani ya mwaka huo, tarawehe zikiswaliwa majumbani, Mji wa Kale kufungwa mwezi Mei, shule zote kufunguliwa Januari 2021, kafyu kuondolewa Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021, uchaguzi wa 9 Agosti 2022, maandamano ya Juni 2024. Vigingi viwili vya mwisho si vya korona, na ndiyo sababu vimo.

Usiulize "Oktoba 2021 ulikuwa wapi?" Uliza "Kafyu inaondolewa, wewe ulikuwa unalala kwa nani?" Kisha mpe kalamu na unyamaze. Mwenye kalamu hujisahihisha: hapana, mjengo nilianza kabla ya uchaguzi, mtoto alikuwa hajatambaa.

Hatua ya 5: Watafute wasioonekana

Ukikaa maskani, pale vijana wanapopigia soga, jioni utapata wavulana, tena wale wasio na kazi. Wasichana wafuate majumbani na saluni, asubuhi. Waliokwenda Saudia na Qatar kufanya kazi za ndani ni sehemu ya hadithi hii pia. Wapigie WhatsApp siku yao ya mapumziko, na uanze kwa kuuliza kama yuko peke yake. Kama hayuko peke yake, salimia tu, mpange siku nyingine.

Utaambiwa unahitaji watu 384. Hesabu hiyo ni ya kukadiria asilimia, kwa sampuli ya nasibu, yaani watu waliochaguliwa kwa bahati, mmojammoja. Ukichagua kwa mitaa, idadi hupanda. Kama uko peke yako na huna bajeti, kalenda 30 zilizojazwa vizuri zina faida kuliko dodoso 400 za dakika nane. Nauli mpe mtu kabla hamjaanza, ili akitaka kuacha katikati asione ananyimwa.

Hatua ya 6: Soma, kisha rudisha

Tandaza kalenda zote sakafuni kabla ya kufungua kompyuta. Tafuta ni mstari gani ulitikisika kwanza. Kazi ikikatika nusu ya kwanza ya 2020 na makazi yakafuata nusu ya pili, una mnyororo wa kufuatilia. Kazi ikikatika 2023, andika "baada ya korona", usiandike "kwa sababu ya korona", hata kama mfadhili angependa la pili.

Ripoti isiende Nairobi kabla ya kusomwa mtaani. Itisha kikao Jumapili alasiri, chora upya kalenda mbili tatu kwa kuchanganya maisha ya watu kadhaa ili mtu asitambulike, uwaulize wamekubali wapi na wamekataa wapi. Walipokataa, andika kwenye ripoti kuwa wamekataa, na sababu yao.