Kabla ya Kutibiwa Mizizi ya Jino: Maandalizi kwa Mgonjwa wa Kisumu na Maeneo ya Jirani

Jino linalopwita usiku, ambalo maumivu yake huzidi ukilala na kupungua kidogo ukiketi, mara nyingi huwa limeoza hadi kwenye kiini, yaani ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wakishafika humo, kiini huvimba ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, hatimaye hufa, na maambukizi hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi na kufanya jipu ndani ya mfupa. Kutibu mizizi ni kukiondoa kiini hicho, kuisafisha mifereji yake na kuiziba kabisa, ili jino libaki mahali pake badala ya kung'olewa.

Kabla ya yote, ni vyema kuelewa kazi ya dawa. Wengi wetu hupitia kwanza kwenye duka la dawa, tukanunua antibiotiki, uvimbe ukanywea, tukaamini kwamba tumepona. Antibiotiki husafirishwa na damu, na jino ambalo kiini chake kimekufa halina tena damu ya kuifikisha dawa ndani ya mifereji. Kwa hiyo chanzo hubaki palepale, na uvimbe hurudi baada ya wiki au miezi. Daktari hutoa antibiotiki pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa anapopata homa, lakini hata hapo haziondoi haja ya kusafisha jino lenyewe. Karafuu hutuliza kwa muda mfupi tu. Tembe ya aspirini isiwekwe juu ya ufizi, kwa kuwa huuchoma na kuacha kidonda.

Hali moja haisubiri miadi. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukipanda hadi jicho likafumba, au ukianza kushindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, nenda siku hiyohiyo, hata usiku, kwenye kitengo cha dharura cha hospitali kubwa kama Jaramogi Oginga Odinga, maana njia ya hewa inaweza kuzibwa.

Daktari anahitaji kuambiwa ukweli wote kuhusu afya yako. Mwenye kisukari ale na atumie dawa zake kama kawaida, na afike asubuhi. Anayetumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali aitaje. Aliyewekewa vali bandia ya moyo huhitaji antibiotiki kabla ya kazi kuanza. Mjamzito aseme kwamba ni mjamzito. Ujauzito haumzuii kutibiwa, na eksirei ya jino hutumia mionzi kidogo sana. Dawa yoyote iliyowahi kukudhuru, hasa penisilini, iandike kwenye karatasi uende nayo.

Sasa suala la muda na fedha, ambalo ndilo huwaangusha wengi. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja na linaweza kumalizika kwa siku moja. Gego huwa na mifereji mitatu au minne, myembamba na iliyopinda, na huenda likahitaji kurudi mara mbili au tatu. Katikati ya ziara hizo daktari huweka dawa ndani ya jino na kulifunika kwa kizibo cha muda. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu maumivu huwa yamekwisha na mtu haoni tena sababu ya kupanda matatu kutoka Bondo au Homa Bay. Nina sababu ya kulisisitiza hili: mimi mwenyewe niliacha katikati, kizibo kikalika, mate na bakteria vikaingia upya, na gego ambalo lingeokolewa likapasuka, likang'olewa. Kwa hiyo uliza mapema bei ya kazi nzima, kuanzia eksirei ya kwanza hadi kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu yake, ambayo gego huhitaji mara nyingi kwa sababu jino lililotobolewa hivyo huwa rahisi kuvunjika. Uliza pia iwapo SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, au bima yako nyingine italipia hatua ipi, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Ikiwa fedha hazitoshi kufika mwisho, ni heri kumweleza daktari kabla hajaanza, ili mpange awamu za malipo.

Hakikisha pia kwamba anayekutibu amesajiliwa; baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha mtandaoni.

Siku yenyewe, kula vizuri na upige mswaki, kwa kuwa baada ya ganzi midomo hufa kwa saa kadhaa na ni rahisi kujiuma au kuungua kwa chai. Jino lenye uvimbe mkali wakati mwingine hugoma kupokea ganzi. Usivumilie kimya, inua mkono, na daktari ataongeza sindano. Atatandaza kipande cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie na dawa ya kuoshea mifereji isishuke kooni. Siku mbili tatu baadaye jino huweza kuuma ukilitafunia, na hilo ni la kawaida. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua si ya kawaida, rudi. Hadi kofia iwekwe, upande huo usitafune miwa, mahindi ya kuchoma wala njugu.

Kazi ikikamilika, omba nakala ya eksirei ya mwisho inayoonyesha mifereji iliyozibwa, uihifadhi kwenye simu. Ukihamia Nakuru au Kakamega na jino likasumbua tena, daktari mpya ataanzia kwenye picha hiyo.