Kuhakiki makala ya jarida ukiwa Kigoma: kuanzia barua ya mhariri hadi ripoti

Barua pepe ya mhariri wa jarida la kitaaluma ikikufikia, akikuomba uipime makala ya mtafiti mwingine kabla haijachapishwa, soma ikisiri, yaani muhtasari wake, kabla ya kukubali. Jiulize kama unaijua mada kiasi cha kuliona kosa, na kama utaimaliza kwa muda uliopewa, ambao kwa kawaida ni wiki mbili hadi nne. Halafu jibu ndani ya siku mbili au tatu, hata kama jibu ni hapana. Ukikaa kimya, mhariri anashindwa kumtafuta mwingine na mwandishi anabaki njia panda. Lichunguze na jarida lenyewe. Likikutumia makala ya fani usiyoijua na kutaka majibu kesho kutwa, hilo linatafuta tu ada ambazo waandishi hulipa ili wachapishwe, achana nalo.

Linalofuata ni mgongano wa maslahi, na hapa Kigoma ni jambo zito. Wanaoandika kuhusu Ziwa Tanganyika wanafahamiana. Hata majina yakifichwa, ukisoma kwamba sampuli zilichukuliwa mwalo wa Kibirizi kwa boti fulani, unaweza kumtambua mwandishi papo hapo. Kama mliandika pamoja miaka ya karibuni, mnafanya kazi ofisi moja, ni ndugu, mna ugomvi, au nawe unaandaa makala ya jambo hilohilo, mwandikie mhariri sentensi mbili umweleze. Yeye ndiye ataamua. Usijipe ruhusa mwenyewe kwa kujiambia kwamba utatenda haki.

Pakua faili, kisha ufanyie kazi nje ya mtandao. Isome mara ya kwanza bila kalamu, ujue mwandishi anadai nini. Mara ya pili nenda moja kwa moja kwenye mbinu na majedwali, hitimisho liache kwanza. Chukua kikokotoo. Tuseme makala inasema maboti 37 yalihojiwa na asilimia 45.3 yanatumia taa za sola. Maboti 16 kati ya 37 ni asilimia 43.2, na 17 ni asilimia 45.9. Hakuna idadi kamili ya maboti inayotoa 45.3. Pengine idadi ya waliohojiwa si 37, pengine ni kosa la kuchapa. Kazi yako ni kuuliza, si kumtuhumu mtu.

Kisha pima mbinu kwa unachokijua cha mahali. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Mtafiti aliyepima samaki siku 10 za giza, kisha akazidisha wastani wake kwa siku 30 kupata mavuno ya mwezi, amekuza hesabu bila kukusudia. Hali kadhalika mavuno ya mwaka 2024: upande wa Tanzania ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo wastani wa mwaka huo usioitaja miezi hiyo mitatu haulinganishwi na wa miaka ya nyuma. Mhakiki aliye mbali hawezi kuyaona haya. Ndiyo maana jicho lako linahitajika, na ndiyo sababu ya kutolipua kazi.

Angalia pia vibali. Utafiti wa afya za watu nchini unahitaji kibali cha maadili, na mtafiti kutoka nje anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Makala ikiwa kimya, omba namba ya kibali iandikwe.

Sasa ripoti. Iandike kwenye faili lako kwanza, maana mifumo mingi ya majarida hukutoa ukikaa muda mrefu, na umeme ukikatika unapoteza yote. Anza kwa sentensi tatu au nne zinazoeleza makala inasema nini. Mwandishi akiona umemwelewa, atapokea yaliyobaki. Fuatisha hoja kubwa zenye namba, kila moja na ukurasa na mstari wake, halafu hoja ndogo. “Mbinu ni dhaifu” haimsaidii mtu. “Ukurasa wa 6, mstari wa 112: sampuli zilichukuliwa siku zipi za mwezi mwandamo?” inamsaidia. Lugha isikusumbue sana. Kiingereza kinasahihishika, takwimu zilizokusanywa vibaya hazisahihishiki.

Pendekezo la kukubali au kukataa liende kwenye sehemu ya siri ya mhariri tu. Ukimwandikia mwandishi kwamba kazi ni nzuri kisha ukamwambia mhariri aikatae, unamweka mhariri pabaya. Usimshinikize mwandishi ataje makala zako. Na usiubandike muswada kwenye programu ya akili mnemba ikufupishie: hiyo ni siri ya mtu, na majarida mengi yamekataza.

Ukishuku wizi wa maandishi au picha iliyochezewa, mwandikie mhariri peke yake, uambatishe ushahidi: aya hii, makala ile, ukurasa fulani. Usimpigie mwandishi simu wala usilitaje kwa wenzako. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina hatua zilizoandikwa ambazo mhariri atazifuata, ikiwemo kumpa mwandishi nafasi ya kujieleza.

Nawe mhariri wa jarida la chuo, usitegemee anwani za wahakiki zinazopendekezwa na mwandishi. Mwaka 2014 kampuni ya uchapishaji ya SAGE iliondoa makala 60 za jarida lake moja baada ya kubaini mtandao wa wahakiki waliojisajili kwa utambulisho bandia. Mtafute mhakiki kupitia ukurasa wa taasisi yake, umwandikie kwa anwani iliyoko pale.

Makala ikirudi baada ya marekebisho, anza na barua ya majibu ya mwandishi, uilinganishe na hoja zako moja baada ya nyingine. Usizue madai mapya ambayo ungeweza kuyasema mara ya kwanza, isipokuwa umegundua kosa linaloangusha matokeo. Uamuzi ukitoka, futa muswada kwenye kompyuta na kwenye simu, hata kama makala imekataliwa.